Matembezi ya mashambani na mlo wa pabu Uingereza: Chess, Box Hill, Seven Sisters au Edale?

Tarehe imepatikana, watu saba wameshasema "nipo" kwenye kundi la WhatsApp, halafu mjadala unakwama: twende wapi? Mmoja anataka bahari. Mwingine ana mtoto wa miaka mitano. Wa tatu yuko Sheffield na hataki kusikia habari za kuamka alfajiri kuifuata London. Njia nne zilizopimwa hapa zinafikika kwa treni bila gari, na kila moja ina pabu ya kijijini inayopika, mwishoni au karibu na mwisho. Kila moja pia ina ubaya wake, ambao ni heri uujue kabla hujanunua tiketi.

Kwa mgeni wa mambo haya: pabu ya kijijini si baa ya mjini yenye muziki wa kuziba masikio. Mchana ni nusu mkahawa, nusu sebule ya kijiji. Utakuta bibi na mbwa wake, familia na watoto, waendesha baiskeli waliolowa jasho. Asiyekunywa pombe hashangazi mtu. Kinachowaponza wengi ni saa ya jiko. Pabu inaweza kuwa wazi kutwa nzima, lakini jiko la mchana katika nyingi hufungwa saa 8:00 au 8:30 (tovuti yao itaandika 14:00 au 14:30) na halifunguliwi tena mpaka jioni. Ukifika saa 8:40, una njaa na miguu inauma, utauziwa pakiti ya krispi na karanga. Kwa hiyo usianze na ramani. Anza na saa ya jiko, kisha urudi nyuma mpaka uipate treni yako.

Vigezo vilivyotumika

Cha kwanza ni muda halisi wa kutembea. Mskoti aitwaye Naismith aliandika kanuni yake mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni hesabu ya mtu mkakamavu asiyesimama. Kundi la marafiki wanaopiga soga na picha lihesabiwe kilomita 4 kwa saa, dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, na dakika 10 za kusimama kwa kila saa. Njia ya kilomita 8 yenye kupanda mita 300, basi, ni saa 2, jumlisha nusu saa ya mlima, jumlisha nusu saa ya kusimama: saa 3. Mkitaka kuketi mezani saa 7:00 mchana, mguu wa kwanza uondoke saa 4:00 asubuhi. Na si treni ifike saa 4:00. Treni ifike saa 3:40, kwa sababu lazima yupo atakayetafuta choo na mwingine atakayetaka kahawa.

Cha pili ni usafiri: treni ngapi kwa saa, na nauli inapunguzwaje. Kampuni nyingi za reli zina punguzo liitwalo GroupSave, theluthi 1 ya nauli kwa watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano. Wengi hawalijui na hulipa nauli kamili. Jumapili chunguza kwanza kama reli imefungwa kwa matengenezo, maana basi la kuziba pengo la treni huongeza hata saa nzima.

Cha tatu ni ardhi ilivyo chini ya kiatu: tope, chaki, mawe, mteremko. Cha nne ni upenyo wa kukatisha, yaani mtu akiumia au mvua ikikolea katikati, mnatokaje? Cha tano ni mlo wenyewe na umbali kutoka mezani hadi kituo cha kurudia, kwa kuwa tumbo lililoshiba halipendi kilomita 6 zaidi.

Jambo moja linaloyahusu yote manne ni mwanga. Sisi tuliozoea jua kuzama saa 12 na nusu mwaka mzima hujisahau hapa. Juni kuna mwanga hadi baada ya saa 3 usiku. Katikati ya Desemba jua la London linazama kabla ya saa 10 jioni. Njia ya kilomita 16 iliyo rahisi Juni huwa ya kurunzi Desemba.

1. Bonde la mto Chess: Chesham hadi Chenies

*Kufika.* Hapa ndipo pepesi kuliko pote. Chesham ni kituo cha mwisho cha tawi la laini ya Metropolitan, kanda ya 9, na ndicho kituo cha Underground kilicho mbali zaidi na katikati ya London. Safari ni kama saa 1. Unagusa kadi yako ile ile ya kila siku, na watoto wa chini ya miaka 11 wanaofuatana na mtu mzima hawalipi. Hakuna tiketi ya kukosa wala kiti cha kuweka akiba.

*Njia.* Matembezi kamili ya bonde hili ni kilomita 16 hadi Rickmansworth, lakini kwa mlo wa mchana ishieni Chenies, kilomita 7 hadi 8 kutoka Chesham. Kupanda ni kidogo. Saa 2 na nusu zinatosha. Fuateni alama zenye samaki. Chess ni kijito cha chaki: maji yake huchujwa na mwamba wa chaki kabla ya kububujika, ndiyo maana yanaangaza hadi unaziona nyasi za chini zikilala upande mmoja kwa mkondo. Sehemu kubwa ya vijito vya aina hii duniani iko Uingereza. Mtapita Latimer, ambako nyumba kubwa ya kilimani ilitumika wakati wa Vita Kuu ya Pili kuwanasa kwa vipaza sauti vya siri wafungwa wa Kijerumani wakizungumza. Kwenye uwanja wa kijiji, kando ya kumbukumbu ya wanajeshi wa vita vya Makaburu, umezikwa moyo wa farasi aliyeletwa kutoka Afrika Kusini. Moyo, si mwili mzima. Waingereza na wanyama wao!

*Mlo.* Chenies kuna pabu mbili za kupikia, Red Lion na Bedford Arms. Mkiwa na nguvu, endeleeni bondeni hadi Church End ya Sarratt, mle Cock Inn karibu na kanisa la zamani. Kutoka Chenies hadi kituo cha Chorleywood au Chalfont & Latimer ni kama kilomita 3, na hizo ndizo zinazolalamikiwa baada ya kushiba. Zihesabuni mapema.

*Kinachoharibika.* Tope. Kuanzia Novemba hadi Machi njia ya kando ya mto hulowa, na viatu vya raba vya mjini huingia maji ndani ya nusu saa ya kwanza. Malishoni kuna ng'ombe. Wakiwa na ndama msipite katikati ya mama na mtoto. Zungukeni mbali hata kama mshale wa njia unaelekeza palepale. Aliye na mbwa, akikimbizwa na ng'ombe amwachie mbwa kamba, maana mbwa atawahi kukimbia na ng'ombe anamtaka yeye. Nyasi ndefu za kiangazi zina kupe: ingiza suruali ndani ya soksi, na jioni kagua nyuma ya magoti na mapajani. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano kilichogusa ngozi, ukivuta taratibu bila kumminya. Likitokea duara jekundu siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

*Inawafaa nani.* Wanaoanza, wazazi, wanaotaka kuzungumza zaidi kuliko kupanda. Mwenye hamu ya mandhari ya kushika moyo ataona ni bustani ndefu tu.

2. Box Hill, Surrey

*Kufika.* Kituo ni Box Hill & Westhumble, chini ya saa 1 kutoka vituo vya Waterloo au Victoria vya London. Treni si nyingi, na Jumapili ni chache zaidi, kwa hiyo chagueni ya kurudi kabla hamjaagiza chakula.

*Njia.* Ni fupi na kali. Kutoka kituoni unapita chini ya barabara kuu, unafika mto Mole, unavuka kwa mawe 17 yaliyopangwa majini. Mawe ya awali yaliondolewa wakati wa vita kwa hofu ya uvamizi. Haya ya sasa yalizinduliwa mwaka 1946 na waziri mkuu Clement Attlee. Kisha zinaanza ngazi za udongo na mbao, nyingi, bila pumziko la maana, hadi jukwaa la kutazamia lililopewa jina la Leopold Salomons, aliyekinunua kilima hiki mwaka 1914 na kukitoa kwa taifa. Mzunguko mzima kutoka kituoni na kurudi ni kama kilomita 5, na kupanda kwake, kama mita 120, kumekusanywa sehemu moja. Saa 1 na dakika 45, mkijumuisha kuhema. Mnaotaka zaidi, msituni kule juu njia zinaendelea na mnaweza kuufanya mzunguko wa kilomita 10 au 12 bila shida.

*Mlo.* Pabu iitwayo Stepping Stones iko Westhumble, hatua chache kutoka kituoni. Katika njia zote nne, hapa ndipo pa kula bila kuitazama saa ya treni kwa wasiwasi.

*Kinachoharibika.* Mvua kubwa huyafunika mawe. Maji yakipita juu ya jiwe hata kidogo, msijaribu. Tumieni daraja la miguu lililo karibu, lililojengwa kwa kumbukumbu ya watembeaji waliokufa katika Vita Kuu ya Pili. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda: chaki iliyolowa huteleza kama sabuni, na vijiwe vya gumegume hukata kiganja cha anayejishikilia. Shukeni kwa mteremko wa nyasi, si kwa ngazi zilezile. Kosa la tatu ni kwenda Jumapili ya jua: watu ni wengi mno, foleni ya mawe yenyewe ni dakika 10.

*Inawafaa nani.* Walio na nusu siku tu, vijana wenye magoti mazima, watoto wa miaka 7 na kuendelea ambao mawe ya mtoni watayakumbuka kuliko chakula. Mwenye kigari cha mtoto aisahau njia hii.

3. Seven Sisters: Exceat hadi East Dean

*Kufika.* Victoria hadi Seaford kwa kubadilisha Lewes, kama saa 1 na nusu au zaidi kidogo, kisha basi namba 12 hadi Exceat, dakika 10 hivi. Basi hilohilo hupita East Dean na kuendelea hadi Eastbourne, na hapo ndipo siri ya njia hii: mnashuka basi mahali pamoja na kulipanda pengine, hamrudii nyayo zenu.

*Njia.* Wengi huanzia kituo cha Seaford kwa miguu kwa sababu picha ya vibanda vya walinzi wa pwani na miamba myeupe nyuma yake hupigwa upande huo. Ni kweli picha ni hiyo. Lakini mto Cuckmere hauna daraja pwani. Lazima muingie bara hadi daraja la Exceat kisha mrudi baharini upande wa pili. Huo ni mwendo mrefu kabla Dada wa kwanza hajaguswa (Seven Sisters ni Dada Saba, yaani vilima saba vya miamba hii), na kundi lililoondoka Seaford saa 4:00 halitaliwahi jiko la East Dean. Kama mlo una uzito, anzeni Exceat. Mnaotaka picha, isakeni kivyake siku nyingine.

Kutoka Exceat mnafuata bonde, mnapanda Haven Brow, mrefu kuliko wote kwa mita 77, kisha ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Majina yao ni saba, ingawa wapo wanaohesabu kilima cha nane, na miguu yako itawaunga mkono. Hakuna kinachotisha kimoja kimoja; jumla yake, kama mita 300, ndiyo inayouma. Mnatua Birling Gap penye mkahawa na vyoo, kisha mnapanda mara ya mwisho na kuteremkia bara East Dean. Kilomita 8, saa 3.

*Mlo.* Tiger Inn inatazama uwanja wa majani wa kijiji, na siku za jua watu hutoka na sahani zao nje. Meza za ndani ni chache ukilinganisha na watembeaji wanaoteremka kilimani, hivyo kundi la zaidi ya wanne lisiende kwa kubahatisha. Mkiona mmechelewa mwanzoni kabisa, kuna Cuckmere Inn palepale Exceat: kuleni kwanza, tembeeni baadaye. Si utaratibu wa kawaida lakini jiko halitawafungia.

*Kinachoharibika.* Ukingo. Miamba hii ni chaki, bahari inaila kwa chini, na majani ya juu yanaweza kuwa yamesimama juu ya hewa tupu. Kutoka nyuma ukingo unaonekana imara. Anayeuona mwanya ni aliye ufukweni chini. Kaeni mita 5 au zaidi kutoka mwisho, na picha ya kuning'iniza miguu msiipige. Ufukweni pia msiketi chini ya jabali kula vitafunio, kwa kuwa vipande huanguka bila onyo. Upepo ni tatizo la pili: hakuna mti wala ukuta wa kujikinga, na koti la mvua lisilofungwa zipu linakuwa tanga. Kofia ya jua ifungwe kidevuni. Tatu, maji: kati ya Exceat na Birling Gap hakuna bomba wala duka, beba lita 1 kwa kila mtu wakati wa joto.

*Inawafaa nani.* Mgeni aliyetoka nyumbani kwa wiki mbili na mnataka aone kitu asichokitarajia Uingereza. Wasioogopa pandashuka. Mwenye kizunguzungu cha kimo anaweza kutembea mbali na ukingo bila shida, lakini mzazi wa mtoto mdogo mkimbiaji hatapumzika hata dakika moja.

4. Edale na Mam Tor, Peak District

*Kufika.* Kwa walio Manchester ni kama dakika 45 kutoka Piccadilly, kwa walio Sheffield kama dakika 35. Treni za kusimama Edale kwa kawaida ni moja kwa saa. Kutoka London kwenda na kurudi siku moja inawezekana, ila mtaiona zaidi treni kuliko mlima.

*Njia.* Kutoka kituoni kama mita 240 juu ya bahari mnapanda moja kwa moja hadi Hollins Cross, shingo ya mlima ambayo zamani watu wa Edale walipitisha majeneza kwenda kuzika ng'ambo mpaka walipopata kanisa lao wenyewe. Fikiria kubeba jeneza hapo Januari! Juu, njia imetandazwa mawe mapana kwa sababu miguu ya watu iliimomonyoa ardhi, na mnafuata mgongo wa mlima hadi Mam Tor, mita 517. Upande wa Castleton utaona kwa nini mlima huu unasemwa kuwa unatetemeka: barabara ya A625 iliyopita chini yake ilifungwa moja kwa moja mwaka 1979 baada ya maporomoko yasiyokoma, na lami yake bado ipo, imevunjika mabamba mabamba, tabaka la ukarabati juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa vibaya. Mnashuka upande wa Barber Booth kurudi Edale. Kilomita 8, kupanda karibu mita 280, saa 3.

Kilima cha pili, Kinder Scout, chenye mita 636, kiacheni kwa siku isiyo na miadi ya chakula. Juu yake ni uwanda wa mboji usio na alama, na ukungu ukishuka hata wazoefu huzunguka. Ila mkikiangalia kutoka Mam Tor mjue kwamba tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani walikivamia kwa miguu kupinga wenye ardhi waliowazuia, na watano wakafungwa jela. Wilaya hii ndiyo iliyokuwa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza, mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ndiyo inayowaruhusu leo kutembea kwenye nyika wazi bila kuomba ruhusa.

*Mlo.* Rambler Inn iko karibu na kituo. Old Nags Head iko ndani zaidi kijijini, na mlangoni pake ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya kilomita 431 iliyofunguliwa mwaka 1965. Kutoka meza yoyote kati ya hizo, kituo kiko chini ya robo saa. Kosa treni moja, unakaa saa nzima. Lakini unakaa penye moto.

*Kinachoharibika.* Hali ya hewa hubadilika kati ya kituo na kilele. Kijijini jua, juu upepo unaokata. Beba koti la mvua la kweli na sweta ya akiba hata Julai, na usivae jinzi, zikilowa hazikauki na zinanyonya joto la mwili. Mtandao wa simu ni hafifu bondeni: pakueni ramani mkiwa nyumbani, au nunueni ya karatasi, Explorer OL1, ambayo sentimita 4 ni kilomita 1 na njia za umma ni vistari vya kijani. Mtu akivunjika, piga 999, omba polisi, kisha sema unahitaji waokoaji wa milimani.

*Inawafaa nani.* Walio kaskazini na kati, wanaotaka kujisikia wamepanda mlima kweli bila kamba wala mwongozaji. Mwenye pumu au goti bovu achague Chess.

Kwenye pabu yenyewe

Pigeni simu katikati ya wiki, msitegemee tovuti. Maswali ni manne: jiko linafungwa saa ngapi siku hiyo, mnapokea kundi la watu wangapi bila kuagiza mapema, buti zenye tope zinaingia, na samaki wenu anachovywa kwenye nini. La mwisho si utani. Unga wa samaki wa kukaanga mara nyingi huvurugwa kwa bia, na mahali pengine chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Nyama ya halali ni adimu vijijini, kwa hiyo asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali hubaki na samaki au sahani za mboga. Aulize pia supu ya mboga imeanzishwa na mchuzi gani. Mkate, jibini na achari, ambao wao huuita mlo wa mkulima, ni salama ukisema wasiweke paja la nguruwe. Kinywaji kiitwacho ginger beer, licha ya jina, kwa kawaida ni soda, binamu wa Stoney yetu. Lakini zipo zenye kilevi, soma chupa.

Jumapili wengi hupika nyama ya kuoka na viazi, mboga na mchuzi mzito. Usiichanganye na rosti ya kwetu. Hii hukatwa vipande vikavu na mchuzi humiminwa juu. Ni mlo mzito, na meza zake hujaa mapema kuliko za Jumamosi.

Utaratibu: tafuteni meza kwanza, tazameni namba yake, kisha mmoja aende kaunta kuagiza na kutaja namba hiyo. Msikae mkisubiri mhudumu, katika pabu nyingi hatakuja. Kaunta haina foleni ya mstari ila ina foleni ya akilini. Kila mtu anajua nani alifika kabla yake, na kupunga mkono au noti ni utovu wa adabu. Vinywaji hununuliwa kwa raundi, yaani kila mmoja kwa zamu yake huwanunulia wote, na kundi la saba likifuata raundi kamili mtakosa treni, kwa hiyo gawaneni watatu watatu. Maji ya bomba ni bure kisheria kwa mteja, yaombe bila aibu na ujaze chupa yako. Buti vueni mlangoni au zivisheni mifuko ya plastiki. Soksi safi moja mfukoni mwa begi ina thamani kuliko dessert.

Chagueni kwa hali yenu

Mkiwa na watoto wadogo au mzee aliyekuja kutembelea, nendeni Chess, na fupisheni kwa kukata Latimer kuelekea Chalfont & Latimer. Mkiwa hamjui watu wangapi watatokea kweli, pia Chess, kwa kuwa hakuna tiketi ya kundi ya kuharibika.

Mkiwa na asubuhi tu, au mmoja ana zamu ya jioni: Box Hill. Desemba na Januari vilevile, maana giza likiwakuta mko dakika chache kutoka kituoni. Kama mvua imenyesha wiki nzima, Box Hill na Chess zote zina shida, na mawe yaliyotandazwa ya Mam Tor yatawatendea vizuri zaidi kuliko udongo wa kusini.

Mei hadi Septemba, siku yenye utabiri wa upepo mdogo, na kundi linaloweza kupanda treni ya saa 2:00 asubuhi bila ugomvi: Seven Sisters. Kundi linalochelewa kwa desturi liambiwe treni ni ya saa 1:30.

Nusu yenu mko Manchester, nusu Sheffield: Edale iko katikati ya reli yenu, kutaneni jukwaani. Nusu London, nusu Manchester: acheni kulazimisha, kila upande ufanye wake siku hiyohiyo na picha zikutane kwenye kundi.